Maswali ya Wasomaji: Je, Mwanangu Amerithi Huzuni Yangu?

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu na magharibi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mama aliyewahi kuugua sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) au wasiwasi, na mtoto ambaye sasa ni kijana wa miaka 18 hadi 25 na ameanza kuyumba. Tumechagua tano. Majina tumeyaficha na baadhi ya barua tumezifupisha.

Washauri, nina miaka 47, nauza mitumba hapa Kaptembwa. Nilipomzaa kifungua mimba wangu nilikaa karibu mwaka mzima silali, nalia, hata kumbeba sikuwa na hamu. Hakuna aliyenieleza ni nini. Baba yake alipofariki hali ilirudi, na mpaka leo kuna miezi naamka mwili ukiwa mzito kama nimepigwa. Sasa huyo kijana ana miaka 21. Ameacha chuo mwaka wa pili, anajifungia chumbani, anakula usiku tukishalala. Nikimuuliza ananiambia "niko sawa tu". Dada yangu anasema mimi ndiye niliyempa huo ugonjwa. Ni kweli? Na kama ni kweli, si nimeshachelewa? – Mama wa Kaptembwa, Nakuru

Mama, pole. Dada yako ameona uhusiano uliopo kweli, halafu akauita kosa lako. Tuanze na uhusiano.

Kuna utafiti mkubwa ulioanzia Bristol, Uingereza. Uliandikisha wajawazito waliotarajia kujifungua kati ya Aprili 1991 na Desemba 1992, ukawafuata wao na watoto wao mpaka watoto wakawa watu wazima. Watoto walipopimwa wakiwa na miaka 18, ilionekana kwamba kadiri mama alivyokuwa na dalili nyingi za sonona wakati wa ujauzito, ndivyo uwezekano wa mtoto kuwa na sonona ulivyopanda. Kila alama 5 za ziada kwenye kipimo cha mama ziliongeza uwezekano huo kwa takriban asilimia 28. Sonona ya baada ya kujifungua, ile unayoieleza, ilitoa matokeo ya aina nyingine: uhusiano ulijitokeza kwa kina mama wenye elimu ndogo, na kwa waliosoma zaidi ulikuwa hafifu sana. Sasa, kisomo hakibadilishi damu ya mtu. Kinabadilisha kipato, mtu wa kukusaidia kulea, na urahisi wa kufika kwa daktari. Sisi tunausoma utafiti huo hivi: mengi ya madhara ya kipindi kile hupita kwenye hali ya maisha inayomzunguka mama, na hali ya maisha inaweza kuguswa.

Damu nayo ina sehemu yake. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 37 ya tofauti kati ya watu katika kupata sonona. Zilizobaki ni mambo ya maisha. Na kijana wako ameyapata ya kutosha: amempoteza baba, ameacha chuo, na ana umri ambao magonjwa haya huzuka. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba karibu nusu ya watu wanaopata matatizo ya akili huwa wameanza kuugua kabla ya miaka 18, na zaidi ya asilimia 60 kabla ya 25. Vijana wengi wa miaka 21 wanajifungia vyumbani bila mama zao kuwahi kuugua hata siku moja.

Jambo ambalo watu husahau ni kwamba njia hii hupitika pande zote mbili. Mama aliyechoka hukosa subira, kijana hujificha, mama huona mlango umefungwa na kulala akiwaza, kesho anaamka amechoka zaidi. Baada ya mwaka hakuna anayeweza kusema nani alianza.

Umechelewa? Hapana. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kina mama 151 waliokuwa wakitibiwa sonona, pamoja na watoto wao. Watoto wenyewe hawakupewa matibabu yoyote katika utafiti huo. Baada ya miezi 3, kati ya watoto waliokuwa na ugonjwa mwanzoni, asilimia 33 ya wale ambao mama zao walipona walikuwa wamepona pia. Kwa wale ambao mama zao hawakupona, ni asilimia 12 tu. Watoto hao walikuwa wa miaka 7 hadi 17, wadogo kuliko wako, lakini somo la hapo ni zito: kumtibu mama ni sehemu ya kumtibu mtoto. Kwa hiyo tunaanza na wewe, na kijana atafuata.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au kliniki ya afya ya akili katika hospitali kuu ya kaunti ya Nakuru, ile ambayo wengi bado huiita PGH. Usiseme "nina stress tu", maana utapewa dawa ya kichwa na kurudishwa nyumbani. Sema hivi: "Nimekuwa na huzuni na uchovu kwa miezi kadhaa, niliwahi kuwa hivi baada ya kujifungua, naomba nipimwe sonona." Utaulizwa maswali ya fomu ya PHQ-9. Ni maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya chakula, kujilaumu, kushindwa kutulia mawazo, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na fikra za kufa. Kila swali hupewa 0 kwa "hapana kabisa", 1 kwa "siku kadhaa", 2 kwa "zaidi ya nusu ya siku", na 3 kwa "karibu kila siku". Jumla ya juu kabisa ni 27. Ukifika 10 unahitaji kuangaliwa vizuri. 15 kwenda juu ni dalili kali kiasi, na 20 kwenda juu ni kali sana. Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni mawili. Kina mama hujibu kwa kulinganisha na wenzao ("wengine wana shida kuliko mimi"), na hujibu mbele ya jirani au shemeji. Jibu juu yako mwenyewe, na omba faragha.

Kabla ya kupewa dawa, omba pia upimwe damu (Hb) na, ikiwezekana, tezi ya shingo. Upungufu wa damu na tezi iliyolegea huleta uchovu unaofanana kabisa na sonona. Katika miaka 47 huenda hedhi inakaribia kukoma, na kipindi hicho, pamoja na joto la ghafla na usingizi wa kukatikakatika, huwarudishia sonona wanawake waliowahi kuwa nayo. Na ikiwa unatumia ARV zenye dolutegravir, zile za DTG, na unazimeza usiku, mwambie mhudumu. Kwa baadhi ya watu hukata usingizi, na kuzihamishia asubuhi mara nyingi hutosha.

Sasa kijana. Kwa wiki 2 acha kumuuliza "una nini?" Swali hilo lina jibu moja tu, na umeshalisikia. Acha pia maneno ya kumchoma: "wenzako wanajenga", "unalala kama mzee". Tafiti za familia zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba yenye kukosolewa sana huugua tena upesi kuliko mwenzake. Badala yake mpe ombi moja dogo, lenye saa yake, linalomtoa nje: "Kesho saa tatu nisaidie kubeba furushi mpaka kibandani." Akija, mshukuru, basi. Usimwongezee la pili siku hiyo. Wiki inayofuata ongeza kutembea nusu saa asubuhi, kuoga kabla ya saa nne, na simu kulala sebuleni. Mambo hayo yanaonekana madogo mno, lakini ndiyo yenyewe: mtu mwenye sonona hangoji hamu ije ndipo atende, anatenda kidogo na hamu hufuata nyuma.

Akikubali kwenda kliniki, fahamu kwamba ana zaidi ya miaka 18. Daktari hatakwambia aliyoyasikia bila ruhusa yake, na yuko sawa. Lakini wewe unaweza kumwambia daktari, hata kwa barua fupi: uliugua lini, dawa gani ilikusaidia, na kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuchangamka kupita kiasi, akalala kwa muda wa saa 2 au 3 tu usiku na kutapanya pesa. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu dawa ya sonona ikipewa peke yake kwa mtu mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka mno (bipolar) inaweza kumrusha juu. Na kwa vijana wasiozidi miaka 24, dawa hizi zinaweza kuongeza fikra za kujidhuru katika wiki za kwanza. Msiziogope kwa sababu hiyo. Mwangalieni kwa karibu tu, na arudi kliniki baada ya wiki 1 au 2, asingoje mwezi.

Jambo la mwisho, na ni la leo. Muulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, wengi hupumua kwa kuulizwa. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa zote za hospitali na za shamba zitoke nyumbani au zifungiwe kwa jirani unayemwamini, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Msisite kwa kuogopa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mkihitaji mtu wa kuzungumza naye kwa simu, Msalaba Mwekundu wanapokea 1199 bila malipo, na Befrienders Kenya wako 0722 178 177.

Mimi ni binti wa kwanza, nina miaka 22, nasoma Maseno. Mama yuko Nyalenda na wadogo zangu wawili. Kila usiku kuanzia saa nne ananipigia simu akilia, wakati mwingine saa mbili nzima. Nisipopokea anaandika "hata wewe umenitupa". Pesa ya HELB ikiingia nusu naituma nyumbani. Muhula huu nimekosa mitihani miwili ya kati. Nampenda mama lakini simu ikilia moyo unanienda mbio. Nifanye nini bila kumuumiza? – Binti wa Kwanza, Kisumu

Dada, huo moyo kwenda mbio ni dalili, tutaurudia. Kwanza mama.

Watoto wa kwanza, na hasa wasichana, hufanywa kina mama wa mama zao wakiwa wadogo. Hupongezwa kwa hilo, ndiyo maana ni vigumu kuliona kuwa ni tatizo. Shida ni kwamba huduma unayompa haimponyi. Simu hiyo ndefu ya usiku humtuliza mpaka alale, lakini pia humzuia kutafuta msaada wa mchana, na wewe huwezi kumtibu kwa njia ya simu ukiwa kitandani kwenye hosteli.

Usikate ghafla. Ukizima simu leo ataona ndiyo hofu yake imetimia. Mpigie wewe kwanza, mchana, siku ambayo hajaanza kulia, na umwambie maneno yaliyo wazi: "Mama, kuanzia Jumatatu nitakupigia kila siku saa kumi na mbili jioni, tuongee dakika ishirini. Usiku nitakuwa nasoma. Kukiwa na hatari, piga mara mbili mfululizo, nitapokea." Kisha shika ahadi hiyo kwa ukali. Ukichelewa siku mbili tu, simu za saa nne zitarudi, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi huamini saa kuliko maneno.

Katika zile dakika ishirini uliza mambo matatu kabla ya malalamiko kuanza: umekula nini leo, umelala saa ngapi, umetoka nje ya nyumba? Andika majibu kwenye daftari. Baada ya wiki 2 utakuwa na kitu ambacho daktari yeyote atakishukuru, na huenda ukaona mpangilio, kwa mfano kwamba siku mbaya hufuata siku asizokula mchana au siku za kodi.

Wiki ya kwanza atalia zaidi. Ni kawaida, na hapo ndipo mabinti wengi hurudi nyuma.

Wakati huohuo tafuta watu wawili wa karibu naye: mama mdogo, rafiki wa chama, mke wa mchungaji. Wape kazi yenye jina. "Muangalie mama" haina maana. "Pita kwake Jumanne na Ijumaa jioni, mnywe chai" inafanyika. Mhudumu wa afya ya jamii, yule wa CHP anayepita nyumba kwa nyumba, anaweza kumwandikia rufaa. Nyalenda si mbali na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee wanayoiita Russia, na kuna huduma ya afya ya akili pale. Mwambie anayempeleka abebe kitambulisho na aulize kwenye dirisha la SHA, bima ya afya ya serikali, ni nini kinacholipiwa kabla ya foleni. Watu hugeuka nyumbani hapo, foleni ya pili ikishawashinda.

Dawa si lazima iwe ya kwanza. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mazungumzo unaoitwa Problem Management Plus, vikao 5 vya dakika 90, kimoja kwa wiki: kupumua polepole, kugawa matatizo yanayotatulika na yasiyotatulika, kurudia shughuli kidogokidogo, na kuimarisha watu wa karibu. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa jamii wasio madaktari, na msongo wao ulipungua kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida. Uliza kama kuna aliyefunzwa mpango huo au mwingine unaofanana nao.

Pesa: amua kiasi kisichobadilika, utume siku moja ya mwezi, na karo na chakula chako vitoke kwanza. Tunajua sentensi hii ni rahisi kuandika kuliko kutekeleza. Lakini ukifukuzwa chuo mama atakuwa na mgonjwa wa pili nyumbani na hakuna HELB.

Sasa wewe, na huo moyo unaokwenda mbio. Fanya PHQ-9 yako mwenyewe wiki hii, kwa maelezo tuliyompa Mama wa Kaptembwa. Ofisi ya ushauri nasaha chuoni ipo kwa ajili ya hali kama yako. Nenda kabla ya mitihani, na uombe barua ya kueleza mitihani uliyokosa. Wanafunzi wengi hufika huko baada ya matokeo kutoka, wakati ambapo mshauri hawezi tena kuandika lolote la maana. Watoto wa wazazi wenye sonona hupata sonona takriban mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine. Hilo lisikutishe. Ni sababu ya kujiangalia mapema, kama vile aliye na mzazi mwenye presha anavyopimwa presha kabla ya wenzake.

Mke wangu ana miaka 44, anatumia dawa za sonona tangu mwaka jana na ameimarika. Tuna mabinti wawili, 18 na 20. Hawajui. Wanajua tu "mama alikuwa anaumwa". Mama yangu mzazi anasema wasiambiwe, eti wataogopa au watatangaza kijiji kizima. Nami sijui nianzie wapi. – Baba Mabinti, Webuye

Mzee, wanajua. Wasichana wa umri huo wameona dawa kwenye kabati na wametafuta jina lake kwenye simu. Wasichojua ni kama wanaruhusiwa kuuliza, na kimya cha wakubwa huwafanya wajaze pengo wenyewe: amerogwa, ana ugonjwa wa aibu, au, hili tunalisikia sana, "ni kwa sababu yetu".

Kuwaambia vizuri kuna faida inayopimika. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2012 yalionyesha kwamba mipango ya kuwasaidia watoto wa wazazi wenye magonjwa ya akili, ambayo mengi hufundisha familia kuzungumza juu ya ugonjwa na kuuelewa, ilipunguza hatari ya watoto hao kuugua kwa takriban asilimia 40.

Mkeo ndiye mwenye habari, kwa hiyo aamue yeye nini kisemwe, na ikiwezekana aseme mwenyewe wewe ukiwa kando. Chagueni mchana, nyumbani, bila wageni, siku ambayo hakuna anayesafiri. Semeni jina la ugonjwa. Semeni ulianza lini na ulionekanaje nyumbani: "zile siku nilikuwa silali, nilikuwa nawafokea bure, ule ulikuwa ugonjwa." Sentensi hiyo moja mara nyingi hufungua mengi, maana binti amekuwa akiibeba ile kufokewa kwa miaka. Semeni matibabu ni yapi. Semeni waziwazi kwamba hawakusababisha na si kazi yao kuuponya. Kisha waambieni dalili za kuangalia kwao wenyewe: usingizi kuharibika zaidi ya wiki 2, kuacha mambo waliyoyapenda, kukwepa marafiki. Nusu saa inatosha. Wakinyamaza msiwakamue, maswali huja siku tatu baadaye, jikoni, mtu akiosha vyombo.

Yanayoharibu mazungumzo haya: baba kulia kuliko mama, bibi kuingilia katikati, na kumaliza kwa "basi msimsumbue mama tena". Hilo la mwisho huwarudisha kwenye kimya mlichotoka kukivunja.

Kuhusu kijiji, kubalianeni pamoja nani anaweza kuambiwa. Watu wawili nje ya nyumba, mkiwataja kwa majina, ni afadhali kuliko "msimwambie mtu yeyote". Na usijisahau wewe. Utafiti wa familia za Uingereza na Ireland uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba dalili za sonona za baba nazo zilihusiana na za watoto wao wabalehe, hata baada ya kuhesabu zile za mama. Safu kama hizi huandika "mama, mama" kana kwamba watoto hulelewa na mtu mmoja.

Nina mchumba tunayependana, ana miaka 25. Wazazi wangu walipouliza ukoo wake wakaambiwa mama yake aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alikuwa akisikia sauti. Sasa wanasema damu hiyo haiingii kwetu. Hatari ni kubwa kiasi gani? – Mchumba, Mbale, Vihiga

Kusikia sauti kuna sababu nyingi, kuanzia malaria kali na pombe hadi skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Tuchukue iliyo nzito zaidi. Katika watu wote, karibu 1 kati ya 100 hupata skizofrenia maishani. Aliye na mzazi mmoja mwenye ugonjwa huo, ni karibu 1 kati ya 10. Yaani 9 kati ya 10 hawaupati. Kwa wanaume huanza zaidi mwishoni mwa ujana hadi katikati ya miaka ya ishirini. Kwa wanawake mara nyingi huchelewa kidogo. Mchumba wako kwa hiyo ameshavuka sehemu ya kipindi chenye hatari kubwa, ingawa si chote.

Badala ya kuuliza ukoo, muulize yeye. Analalaje? Anavuta bangi? Bangi, hasa ile kali na ya kila siku, huongeza hatari kwa kijana mwenye historia hii, na ni jambo analoweza kuliacha. Mama yake aliugua nini hasa, alipona kwa nini? Na akiugua yeye, atakubali kutibiwa? Mtu anayeyajibu maswali hayo bila kukasirika ni mchumba mzuri kuliko wengi wenye koo safi. Wazazi wako wapelekee hizo namba, kwa heshima, mkiwa na mjomba anayesikilizwa.

Mimi ni mwanabodaboda Kakamega, nina miaka 24. Mama alipewa amitriptyline, akameza siku tano akaacha. Anasema inamlevya, mdomo unakauka, na ugonjwa uko palepale. Nimrudishe au niache? – Kijana wa Lurambi

Mrudishe, na mwende pamoja. Siku tano hazitoshi kupima dawa yoyote ya sonona. Madhara huja kwanza, nafuu huja baadaye: wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana, na kufikia wiki 6 au zaidi kukamilika. Hakuna aliyemweleza hivyo, na hapo ndipo dawa nyingi hutupwa.

Amitriptyline humezwa usiku, saa mbili au saa tatu, ili usingizi wake umfae. Akimeza saa tano atalewa mpaka asubuhi. Mdomo kukauka husaidiwa na maji ya kunywa kidogokidogo; choo kigumu na sukuma wiki, maparachichi na maji. Akisimama ghafla na kuona giza, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja kwanza. Mwambieni daktari kama ana ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa, kwa sababu hapo dawa hii huenda isimfae. Ipo fluoxetine, kwa kawaida tembe ya mg 20 asubuhi, ambayo hailevyi vile. Hiyo huleta kichefuchefu wiki ya kwanza, basi mama aimeze baada ya uji. Busaa na chang'aa visikutane na yoyote kati ya hizo mbili.

Amitriptyline ikimezwa nyingi kwa pamoja ni hatari sana kwa moyo. Ziweke wewe, umpe za wiki moja moja, na kama kuna watoto nyumbani zikae juu na zifungwe.

Akipata nafuu asiache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulikuwa kuendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha kupunguza polepole kwa angalau wiki 4 chini ya uangalizi. Anayekata kwa siku moja hupata kizunguzungu, jasho na kukosa usingizi, halafu husema "unaona, ugonjwa umerudi". Nawe, kwa kuwa unaendesha pikipiki mchana kutwa na kumhudumia usiku, angalia usingizi wako: chini ya saa 6 kwa siku kadhaa mfululizo ni hatari barabarani. Zikibaki tembe za siku saba, hapo ndipo pa kurudi kliniki. Msisubiri pakiti iishe.